Vitamini D yangu iko chini: ndiyo iliyouchosha moyo wangu baada ya kujifungua?

Shikamoo Daktari,

Nina miaka 33, nimejifungua mtoto wangu wa pili wiki 9 zilizopita. Mimba ilikwenda vizuri, isipokuwa mwezi wa mwisho presha ilipanda nikapewa dawa. Mtoto alizaliwa mzima na ananyonya vizuri mpaka leo.

Wiki ya pili nikaanza kukosa pumzi. Mwanzoni nikipanda ngazi tu, halafu hata nikimbeba mtoto kutoka kitandani hadi bafuni. Usiku nikilala chali najiona kama nazama. Nikaongeza mto wa pili, kisha wa tatu, mwishowe nikawa nalala nimekaa kwenye kiti, mtoto kifuani, naogopa hata kusinzia nisije nikamwangusha. Miguu ilivimba, nikivua ndala mikanda inaacha mifereji. Nilirudi kliniki mara mbili, na mara zote mbili nikaambiwa ni uchovu wa uzazi, nipumzike na ninywe maji mengi. Mara ya tatu dada yangu alinipeleka mwenyewe, akakataa kuondoka mpaka nipimwe. Wakanifanyia eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, wakasema moyo umetanuka na nguvu yake ni asilimia 32. Wakauita ugonjwa wa misuli ya moyo wa wakati wa uzazi. Nililazwa siku 8.

Sasa natumia enalaprili, metoprololi, spironolaktoni, furosemidi na digoksini. Uvimbe umeisha na nalala na mto mmoja.

Katika vipimo nilivyofanyiwa nikiwa wodini, vitamini D ilikuwa 11, na karatasi inasema kawaida ianzie 30. Wifi yangu, ambaye kwa kweli amenitunza kama mtoto wake, alisoma mahali kwamba upungufu wa vitamini D ndio unaoharibu moyo wa mzazi. Akaniletea vidonge vya uniti 50,000, akasema nimeze kimoja kila siku. Leo nimemeza cha sita. Anasema nikishajaza vitamini moyo utarudi wenyewe, na hizo dawa tano niziache taratibu maana zinaingia kwenye maziwa. Jana niliiruka metoprololi makusudi, nione itakuwaje.

Kinachoniuma ni hiki. Mimba yote nilikuwa nafanya kazi ndani. Naingia asubuhi, natoka jioni, jua silioni. Wifi hakusema kwa ubaya, lakini alisema, "Ungekuwa unaota jua haya yasingekupata." Tangu siku hiyo maneno hayo hayanitoki. Je, nimejiletea mwenyewe? Na je, vitamini ikijaa naweza kuzaa tena? Mume wangu anatamani watoto watatu.

Mama wa wawili

*

Marahaba, mwanangu.

Kuna mambo mawili ya kufanya leo hii; mengine utayasoma mtoto akilala. Kidonge cha saba usikimeze. Na metoprololi uliyoiruka jana, endelea nayo leo kwa dozi yako ya kawaida bila kufidia ya jana. Kisha mpigie daktari wako wa moyo umwambie kwa namba: uniti 50,000 kila siku kwa siku 6, na natumia digoksini. Mwombe kipimo cha damu cha kalsiamu, potasiamu na figo, na kiwango cha digoksini yenyewe, leo au kesho. Usingoje tarehe ya kliniki.

Nakuharakisha kwa sababu ya kalsiamu. Kazi kubwa ya vitamini D ni kuusaidia utumbo ufyonze kalsiamu iliyomo kwenye chakula. Vitamini ikizidi mno, kalsiamu hupanda kwenye damu, na moyo ni msuli unaotumia kalsiamu kwa kila pigo. Digoksini nayo huupa moyo nguvu kwa kuongeza kalsiamu ndani ya chembe za msuli huo huo. Vikikutana, mapigo yanaweza kuvurugika. Sikuandikii haya ili usilale. Uniti 300,000, ambazo ndizo ulizomeza, ni kiasi ambacho madaktari wamewahi kuwapa wagonjwa kwa mkupuo mmoja, na wengi hawakudhurika. Lakini wewe una moyo wa asilimia 32 na kopo la digoksini mezani. Kidonge cha uniti 50,000 kwa kawaida huandikwa kimoja kwa wiki, kwa wiki 8 hivi. Tena vitamini D huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili, kwa hiyo haitoki leo kwa kuwa umeacha leo.

Dalili za kalsiamu kuzidi ni kiu, kukojoa sana, kufunga choo, kichefuchefu na akili kuwa nzito. Sasa wewe unameza furosemidi, dawa ya kutoa maji. Kiu na mkojo utavipata hata kalsiamu ikiwa sawasawa. Ndiyo maana sitaki tukisie. Ukisikia moyo unaruka mapigo, ukatapika mfululizo, ukaona vitu vina rangi ya njano au ukahisi kuzirai, nenda hospitali saa hiyo hiyo, na uende na dawa zako zote.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe. Je, upungufu huu ndio uliouangusha moyo wako?

Wifi yako hakulitoa hewani. Chembe za misuli ya moyo zina vipokezi vya vitamini D. Na kuna mahali ambapo uhusiano huu unajulikana vizuri: kwa watoto wachanga. Mtoto mwenye upungufu mkali sana, kalsiamu yake ikashuka mno, moyo wake unaweza kutanuka na kushindwa kabisa kusukuma damu. Madaktari wa London waliripoti mwaka 2008 kuhusu watoto 16 wa namna hiyo. Ukimrudishia mtoto kama huyo kalsiamu na vitamini D, moyo mara nyingi hujikunja ukarudi kwenye umbo lake. Ni jambo la kufurahisha sana kuliona. Hata mtu mzima mwenye kalsiamu ya chini mno anaweza kupatwa na hali hiyo, ingawa ni nadra. Kwa hiyo kipimo cha kalsiamu ninachokusisitizia kinafanya kazi mbili: kitatuambia kama vidonge vimeipandisha mno, na ukiuliza ilikuwa ngapi siku uliyolazwa, utajua kama iliwahi kushuka. Kama ilikuwa ya kawaida siku ile, hadithi ya watoto wale si yako.

Kwa mama aliyejifungua, mambo hayajanyooka hivyo. Ebu fikiria damu ile ilichukuliwa lini. Ilichukuliwa ukiwa wodini, baada ya wiki kadhaa za kushindwa kutembea, za kukaa kitini mchana na usiku, mwili umejaa maji. Maji yakizidi kwenye damu huyazimua yote yaliyomo. Mwili ukiwa kwenye msukosuko wa ugonjwa, kiwango cha vitamini D hushuka hata kama hukubadilisha chochote. Na mgonjwa asiyeweza kufika mlangoni hapati jua. Yaani namba 11 inaweza kuwa imeletwa na ugonjwa, au sehemu yake ilikuwepo na sehemu ikaongezwa na ugonjwa. Karatasi yako haiwezi kutofautisha. Kuna jambo jingine pia: ngozi nyeusi hutengeneza vitamini D polepole kuliko nyeupe, na wanawake wenye asili ya Afrika ndio wanaopata ugonjwa huu wa moyo kwa wingi zaidi. Ukiwapima utawakuta na vyote viwili, na ni rahisi mno kudhani kimoja kimezaa kingine.

Ugonjwa wenyewe una mizizi kadhaa tunayoijua. Hujitokeza mwishoni mwa mimba au katika miezi ya kwanza baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye hakuna sababu nyingine iliyopatikana, na nguvu ya moyo huwa chini ya asilimia 45. Hiyo asilimia, kwa njia, usiisome kama alama za mtihani. Hakuna moyo unaosukuma 100. Moyo mzima husukuma nje asilimia 55 hadi 70 hivi ya damu iliyojaa chumba cha kushoto. 32 yako ni kama nusu ya kawaida. Hatari huongezeka kwa mama aliyepata shinikizo la damu la ujauzito, kama wewe, kwa mwenye mapacha, na kwa aliyevuka miaka 30. Wengine wana kasoro ya kurithi: utafiti wa mwaka 2016 uliwachunguza kina mama 172 wenye ugonjwa huu, ukakuta kama 15 katika kila 100 wana hitilafu kwenye jeni zinazojenga misuli ya moyo, nyingi zikiwa kwenye ile ya protini iitwayo titini. Na mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani wakiongozwa na Denise Hilfiker-Kleiner walionyesha kwamba prolaktini, homoni ile ile inayoleta maziwa, inaweza kukatwa kipande ambacho ni sumu kwa mishipa midogo ya moyo. Ndipo ilipotoka bromokriptini, dawa inayozima prolaktini. Baadhi ya madaktari huitumia kwa wagonjwa fulani, pamoja na dawa ya kuzuia damu kuganda, na bei yake kwa mama ni maziwa kukauka.

Hapo ndipo ninapotaka usimame, mwanangu, kwa ajili ya lile neno lisilokutoka. Mahali ambapo ugonjwa huu umeonekana kwa wingi kuliko kote duniani ni kaskazini mwa Nigeria, takriban mama 1 katika kila 100 wanaojifungua, wakati Afrika Kusini ni kama 1 katika 1,000. Kaskazini mwa Nigeria hakuna uhaba wa jua. Najua jua la nje si lazima liifikie ngozi, na sitaki kulifanya hilo kuwa ushahidi zaidi ya linavyostahili. Lakini kama kuota jua peke yake kungekuwa kinga, ramani ya ugonjwa huu isingekuwa hivyo. Ulikwenda kazini ukiwa na mimba ili watoto wako wale. Hukuuharibu moyo wako kwa kufanya hivyo. Mamilioni ya wajawazito wana vitamini D chini ya 20 na mioyo yao iko sawa. Presha ya mwezi wa mwisho ina uzito mkubwa zaidi katika kisa chako kuliko dirisha la ofisi, nayo pia hukuichagua.

Je, vitamini D inaweza kutibu moyo uliokwisha kuchoka? Limejaribiwa, ingawa si kwa wazazi kama wewe bali kwa wagonjwa wengine wa moyo kushindwa. Uingereza waliwapa watu uniti 4,000 kila siku kwa mwaka mmoja: matokeo ya mwaka 2016 yalionyesha nguvu ya kusukuma damu ikiongezeka, lakini wagonjwa hawakuweza kutembea mbali zaidi kuliko mwanzo. Ujerumani wakawafuatilia wagonjwa 400 kwa miaka 3 kwa kiasi hicho hicho cha uniti 4,000, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba vifo havikupungua. Kibaya zaidi, waliokuwa wakimeza vitamini ndio waliohitaji zaidi kuwekewa mashine ya kusaidia moyo. Hizo ni uniti 4,000. Wewe ulikuwa unameza 50,000.

Upungufu wako ni wa kweli na utajazwa. 11 ni chini kwa kipimo cha yeyote, hata kwa wale wanaosema 20 inatosha badala ya 30 iliyoandikwa kwenye karatasi yako. (Angalia tu kwamba kimeandikwa nanogramu kwa mililita, maabara nyingine hutumia nanomoli kwa lita, ambako kiwango chako kingesomeka 27 na nusu.) Mifupa na misuli yako inaihitaji vitamini hiyo, hasa unaponyonyesha. Mahitaji ya kawaida ya mama anayenyonyesha ni uniti 600 kwa siku, na kikomo cha kujimezea bila usimamizi ni 4,000. Mwenye upungufu kama wako hupewa zaidi ya hapo kwa muda, lakini huandikiwa na mtu anayezijua dawa zako nyingine na kuipima kalsiamu yako. Akishaona majibu ataamua lini uanze upya na kwa kiasi gani. Ijazwe kama upungufu mwingine wowote unavyojazwa, kando ya dawa za moyo.

Hizo dawa ndizo zilizokutoa kwenye kile kiti. Ulilala na mto mmoja kwa sababu furosemidi imeyatoa maji mapafuni, na enalaprili na metoprololi zinaupumzisha moyo ujijenge. Kuiacha metoprololi ghafla kunaweza kuufanya moyo uende mbio wakati bado hauna nguvu za kukimbia. Kuhusu maziwa, hofu ya wifi inaeleweka, lakini kiasi cha enalaprili na metoprololi kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana, na dawa zote tano ulizozitaja huchukuliwa kuwa zinaendana na kunyonyesha, mradi daktari wa mtoto ajue. Enalaprili ina hatari kwa mtoto aliye tumboni. Kwa anayenyonya ni habari nyingine. Ajabu ni kwamba kitu cha kumtajia daktari wa mtoto wiki hii ni hivyo vidonge vya vitamini, maana dozi kubwa hupita kwenye maziwa. Kama mtoto anapewa matone ya vitamini D, ulizeni kama aendelee nayo. Na wewe, kwa kuwa moyo wako ulikuwa chini ya asilimia 35, uliza kama unahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda mpaka utakapopimwa eko tena.

Matumaini yapo, tena makubwa. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2015 uliwafuatilia kina mama 100 wenye ugonjwa huu, wengi wakianza na nguvu kama yako. Baada ya mwaka, asilimia 72 walikuwa wamevuka 50. Moyo wa mzazi una uwezo wa kurudi ambao mioyo mingine mingi haina, lakini walirudi wakiwa kwenye matibabu.

Kuhusu mtoto wa tatu, mume wako asome sehemu hii pamoja nawe. Kwa sasa hapana, na hapana hiyo inahitaji njia ya uzazi wa mpango mapema, si baadaye. Vidonge vyenye estrojeni havikufai kwa sababu vinaongeza hatari ya damu kuganda. Kitanzi au kipandikizi ni bora. Vitamini D kufika 30 hakutabadilisha jibu hili. Kitakachoamua ni eko. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 uliwaangalia wanawake 44 walioshika mimba tena baada ya ugonjwa huu. Miongoni mwa wale ambao mioyo yao ilikuwa imerudi, kama mmoja kati ya watano alipata tena dalili za moyo kushindwa. Miongoni mwa ambao haikurudi, walikuwa karibu nusu, na hapo ndipo vifo vilipotokea. Moyo wako ukipona kabisa mnaweza kukaa na daktari mkayazungumza kwa utulivu. Usipopona, watoto wawili wenye mama ndio familia ninayowaombea.

Nina neno kwa wengine mnaosoma, kwa sababu kisa hiki kimeniuma. Mzazi anayeongeza mito si mchovu tu. Uchovu wa uzazi haumwamshi mtu usiku akitafuta hewa dirishani. Bonyeza kidole juu ya mfupa wa mguu, hesabu mpaka kumi, ondoa: kikibaki kishimo, na pumzi ni fupi, apimwe moyo siku hiyo. Na kumwambia mtu wa namna hiyo anywe maji mengi ni kumwongezea mzigo. Dada yule aliyekataa kutoka mlangoni alifanya kazi ambayo sisi wa vazi jeupe tulipaswa kuifanya mara ya kwanza.

Wifi yako usimfukuze. Mtu aliyekutafutia dawa kwa pesa yake anakupenda, anahitaji kazi inayofaa. Mpe mizani na daftari. Kila asubuhi, ukishakojoa na kabla ya kula, akupime uzito na auandike. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, maji yanarudi, ampigie daktari yeye mwenyewe. Na kopo la vitamini akupeleke nalo kliniki, asilitupe, daktari aone kilichoandikwa ubavuni. Majibu ya kalsiamu yakitoka niandikie, hata kama ni mstari mmoja.